Bandari Isiyolowa

Meli huko pwani zimenenepa, alisema mhandisi Mshighati,
kwa hiyo na sisi huku lazima tutanuke.
Akachora kwa kijiti, palepale
mama yangu aliposimama na ndoo yake:
reli ya tatu hapa, ya nne hapa,
winchi ya tani arobaini pale,
na makontena matano kwenda juu
hadi kule kwenye mikungugu.

Mama akamuuliza: Na mto?
Akatazama ramani. Akatazama korongo.
Mto upi, mama? Huu mchanga?

Mimi ni karani wa bandari kavu, nje kidogo ya Ihumwa.
Nahesabu masanduku ya chuma, ya buluu, ya kutu,
yenye namba ndefu kuliko majina ya ukoo wetu.
Meli sijawahi kuiona.
Naijua kama unavyomjua mgeni wa jana
kwa vyombo alivyoacha bila kuosha.

Mbuzi wa Ndahani walitutangulia kuijua bahari.
Kontena likishushwa tu wanapenya chini ya uzio,
wanalamba kuta, mlango, komeo,
wamefumba macho.
Mlinzi anapuliza filimbi, wanaondoka, wanarudi.
Siku moja nikageuka huku na huku, hakuna mtu,
nikalamba na mimi.
Chumvi. Si kama ya Bahi. Hii ina uchungu kwa nyuma,
kama maneno ya mtu aliyesafiri sana.

Karatasi ya fidia ilikuwa na safu sita:
nyumba, choo, zizi, mizabibu, kaburi, mengineyo.
Tembe la mama likaandikwa "banda".
Mizabibu, mashina mia mbili na saba.
Kisima cha mchangani hakikuwa na pa kuandikwa,
shimo la kimo cha mwanamke mmoja
linalofukiwa na masika na kuchimbwa upya kila kiangazi:
bibi kwa kibuyu, mama kwa bakuli,
mimi kwa kopo la rangi.
Ni mali isiyohamishika? akauliza kijana wa tathmini.
Inahama, mama akasema, ila hurudi.
Akaandika: hakuna.

Januari. Kwetu halikudondoka hata tone,
mvua ilikuwa huko milimani.
Saa tisa usiku korongo likaunguruma
na makontena matupu matatu yakanyanyuka
polepole, kama ng'ombe aamkavyo,
nyuma kwanza.
Moja likaelea likipita ofisi ya forodha, taa zikiliwakia,
likatia nanga kwenye uwele wa Ndahani.

Mhandisi alisimama juu ya tuta, buti mkononi.
Mama hakumwambia, "Si nilisema?"
Aliuliza tu, kwa heshima zote,
kama ile ndiyo meli.

Nikafungua daftari. Chini ya "Chombo kilichowasili"
nikaandika jina la korongo.
Mizigo: mchanga, magogo, kiatu kimoja cha mtoto.
Kimeondoka: alfajiri. Ushuru: hakijalipa.
Bosi akaichana kurasa ile. Ana haki yake.

Reli ya nne imejengwa, na kalavati mbili chini yake.
Agosti mama alishuka na bakuli,
akachimba kwenye kivuli cha mabehewa,
akachimba hadi mabegani.
Maji yalikuja, machache, yana chumvi kidogo.
Akayaonja, akatema,
akawaita mbuzi.