Benchi la Tatu

Bango limefungwa kwenye nguzo ya taa:
Agizo la Manispaa, nambari saba.
Marufuku kunywa pombe hapa,
wala kushika chupa iliyofunguliwa.
Chini yake ramani,
mitaa imetiwa wekundu kama koo linalouma.

Bohumil anaijua ramani hiyo kuliko mgodi
alioushukia miaka thelathini na mmoja.
Benchi la kwanza limo. La pili limo.
La tatu, lile la kinyesi cha njiwa,
mstari umelipasua katikati:
upande wa kanisa haramu,
upande wa reli ruksa.

Basi anakaa upande wa reli.
Ule mwingine anauacha wazi;
hapo alikuwa akikaa Vlastimil,
mpaka mapafu yalipomaliza kulipa deni la makaa.

Ng'ambo, viti vya mkahawa vimemwagika hadi njiani,
watu wa tai wanagonganisha glasi.
Hao wamelipia lami kwa mita.
Kiu yao ina risiti.

Zdenka anafika, sare yake ingali na mikunjo ya stoo.
Babake alichimba zamu moja na hawa wawili.
"Mzee, chupa ya pili ya nani?"

Imesimama upande wa kanisa,
imefunguliwa, imejaa, povu limeshatulia.
Bohumil anatazama njiwa.

Binti anatoa kitabu cha faini.
Anakirudisha.
Kisha kwa vidole viwili,
kama anayemgeuza mgonjwa kitandani,
anaisogeza chupa
shubiri moja
kuelekea reli.