Mitungi Miwili

Moto ulianzia kwa fundi cherehani,
ukaingia kwangu bila hodi.
Friji la chanjo likayeyuka kama mshumaa.
Kasuku wa Bi Mwanamkuu, niliyemlaza kwa ubawa uliovunjika,
sikumuwahi.
Hilo bado silisemi.

Meza yangu sasa ni mlango wa jirani
juu ya mapipa mawili.
Dawa ni za mkopo.
Mizani ya muuza viazi wa Kongowea
inapima paka.

Leo kaja Kahindi na punda wake wa maji,
ukwato wa nyuma umepasuka.
Nikaosha, nikafunga,
nikataja bei kwa sauti ndogo.
Hana.
Akateremsha mitungi miwili, akaenda zake.

Nikakunja suruali,
nikaanza kusugua masizi
pale lilipoangikwa tundu.