Matundu Kumi na Sita

Kofia moja ya vito, miezi mitatu.
Nilishona nne. Ya tano niliiuza haijaisha
kwa bwana harusi wa Faza asiye na subira,
nikaenda Langoni kwa Skanda
na pesa zimekunjwa ndani ya kibati cha sindano.

Aliziweka mbili juu ya kabati la simu.
Ya kwanza kioo chake kipana kama sinia,
inachora mawimbi ya sauti kwa rangi,
ina nafasi ya kumeza mji mzima na adhana zake,
ila haina betri. Inataka waya, inataka ukuta,
inataka stima isiyokohoa.
Ya pili ni kipande cha mche wa sabuni:
vibonyezo kumi na sita, kioo cha kuonea saa,
betri nne za duka lolote,
na kumbukumbu ya dakika moja.

"Dakika moja tu?"
Skanda akaipuliza vumbi.
"Kwani wewe una maneno mangapi?"

Nikaenda kufikiri.
Bwanaheri, mwenye studio kule Mokowe, akasema
nunua kubwa, utakua ndani yake
kama mtoto na kanzu ya Idi.
Naijua kanzu hiyo. Nilijikwaa nayo miaka miwili,
na nilipoitosha, kwapa lilikuwa limeshatatuka.

Usiku wa tatu stima ikakatika Mkomani yote.
Nikashona kwa tochi ya simu, tundu kwa tundu,
wala mkono haukuuliza umeme umekwenda wapi.
Asubuhi nikanunua ile ndogo.

Kitabu chake kina lugha mbili nisizozijua
na ya tatu ninayoijua nusu.
Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa kufuta.
Hifadhi na Futa vimekaa ubavu kwa ubavu
kama mawifi, ukimgusa huyu anajibu yule.
Mama akachungulia:
"Kalkuleta hiyo mbona haitoi jumla?"

Dakika moja. Nikajifunza uchoyo.
Nazi ikikunwa: mikuno miwili, basi.
Komeo la mlango wa ua: mara moja, zito,
nikalishusha chini mpaka likawa ngoma kuu.
Punda wa kubeba mawe akipiga chafya,
nikamkata kabla hajamaliza.
Na mtalawanda wa shangazi Mwanasiti
juu ya sakafu ya choo, alfajiri,
ko, ko, kama mtu agongaye kwa adabu.

Kisha nikaona ninachokitazama.
Matundu kumi na sita kwa safu,
mengine ujaze, mengine uyaache,
na mwisho wa safu unarudi ulipoanzia
kama mshono unaozunguka kichwa.
Kazi hii naifanya tangu nina miaka kumi na miwili!
Ua la kofia halikai kwenye uzi peke yake,
na sikuhitaji kitabu kuniambia hilo.

Lakini ilitoka imenyooka mno. Ilitembea kama askari.
Ukurasa wa sitini na moja, nusu-lugha yangu ikaokota:
shika kibonyezo, zungusha kitufe,
pigo husogea, unywele mmoja, miwili.
Nikamsogeza shangazi.

Alikuwa ukumbini anachambua mchele.
Mkono ukasimama juu ya ungo.
"Nani huyo anaenda msalani?"
Hakuna aliyejibu. Ko, ko.
Akasikiliza raundi nne, tano,
akilitazama goti lake la kushoto
kana kwamba limemsengenya.
"Ni mimi," akasema. "Ila umeniponya.
Huo wa kushoto huchelewa zaidi. Uvute nyuma."

Nikauvuta.
"Zaidi."
Nikauvuta tena, nikapeleka kidole kwenye Hifadhi,
na kioo kikazimika. Betri.

Akarudi kwenye mchele wake.
Mimi nimechukua kofia ya sita:
bei ya betri nne na bei ya uzi ni moja,
na leo ninazo za kimoja tu.