Kupalilia Maji

Ulikuja chini ya jiwe la shemeji Nambole,
limeviringishwa gazeti lililolowa,
ndani ya ndoo ya rangi, juu ya bodaboda
kutoka kivuko cha Msangamkuu.
Sikuuliza jiwe limetolewa wapi.
Mtu mwenye tangi la kioo sebuleni, Chuno,
akiletewa jiwe hai hulipokea kwa mikono miwili
na maswali huyaacha nje na viatu.

Siku ya tano nikakuona: kimnazi,
kimo cha punje ya mchele,
makuti ya kahawia, shina kama kioo.
Nikamwita Somoe aje kutazama.
"Kizuri," akasema,
akarudi kuchambua korosho zake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe ya tatu ulinikabidhi jembe mimi.

Nilikung'oa kwa kibano cha nyusi.
Kilichosalia ufani,
uzi tu, kisichojaa ukucha,
wiki ya pili kilikuwa saba.
Nimekuwa karani wa ghala miaka ishirini,
nimepima magunia hadi usingizini nasoma mizani,
sijapata kuona hesabu
ambayo ukitoa, inazidi.

Nawe huna ujirani mwema.
Lile tumbawe la zambarau,
nililolilea tangu lina ukubwa wa kifungo cha shati,
umelichoma ubavuni. Limejikunja upande mmoja
kama mtu anayeumwa jino
na hataki kuulizwa.

Nikajaribu ndimu. Nikajaribu siki ya moto.
Duka la dawa niliomba bomba la sindano;
binti aliitazama kwanza mikono yangu,
kisha uso, kisha akanipa.
Kwa Bi Mwanaheri, muuza tambuu, nikaomba chokaa.
"Siku hizi unatafuna?"
"Hapana. Nina wa kumlisha."

Nazima pampu. Maji yanatulia.
Nashuka na sindano polepole, kutoka juu,
maana ukihisi kivuli unaingia ndani
kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Tone moja la uji mweupe, mdomoni.
Nawe unapokea!
Unaukumbatia kwa makuti yako yote,
unaukunjia, unaumeza,
na mimi, goti sakafuni, shingo imekakamaa,
najikuta nimefumba macho
kama mtu anayedanganya mtoto.

"Wenzio wanapalilia mikorosho Nanguruwe,"
asema Somoe mlangoni,
"wewe unapalilia maji."

Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani:
kumi na nne, tisa, tatu, tatu, tatu.
Jumamosi, hakuna.
Nikachinja kuku.

Kisha umeme ukakatika.
Saa tisa nzima, joto la Februari,
pampu kimya, samaki wamepanda juu
wanabusu hewa.
Tukayachota maji kwa kata na kuyamwaga kutoka juu
ili yapate pumzi, mimi mia, Somoe mia,
tukihesabu kwa sauti ili asilale mmoja.
Alikuwa kwenye sitini na kitu
tochi ilipoangukia nyuma ya pampu.
"Na yule pale ni nani?"

Ulikuwa wewe.
Mnene, makuti wazi, huna habari.
Mkono wangu ukaenda rafuni, kwenye bomba.
"Mwache kwanza," akasema, "hesabu imenipotea.
Anza wewe. Moja."

Nikaanza moja.

Kumepambazuka, pampu ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.
Samaki mmoja tulimzika kwenye kopo la mchicha.
Tumbawe la zambarau limebaki na upande wake mmoja.
Somoe amelala kitini, kata mapajani,
kanga imelowa hadi magotini.

Nilipofika sokoni Bi Mwanaheri alikuwa anatandika meza.
Hakuuliza kitu.
Alichota chokaa, akafunga,
akanitazama kidogo,
akafungua, akaongeza.