Spana Namba Kumi

Mwanangu huita helikopta pangaboi lililokataa dari.
Umeme ukikatika Changamwe, hutazama juu,
mapanga matatu yamekufa, huniuliza:
"Mama, na yako ya kazini yamezimika?"

Yangu huoshwa.
Alfajiri, kabla ya muadhini wa Port Reitz,
tunayaogesha maji baridi kama watoto wenye upele,
maana chumvi ya Mombasa haina adabu,
hula bati, hula bawaba,
hula chochote kilicholala bila kufunikwa.

Mimi Koplo Nyamvula, fundi, si rubani.
Ndugu zangu wa Kinango hawajakubali bado,
hupungia mkono kila kinachopita mawinguni.
Hizi ni ndege za askari wa miguu:
mwezi huu zimebeba unga, risasi,
jenerali mmoja, majeruhi wanne.
Arukaye huonekana. Arushaye huhesabu.
Spana ishirini na nne, bisibisi tisa, koleo tatu,
kila kimoja na kitanda chake
kilichochongwa kwenye sponji nyeusi.

Siku Tana ilipovunja kingo
simu ililia saa mbili kasorobo.
Garsen, watu wako juu ya paa la shule.
Meja Lekarani akaja mbio, kofia kwapani.
Mafuta tayari, kamba ya kuopolea tayari,
na kitanda cha namba kumi kitupu.

"Tia sahihi, Koplo."
"Spana moja haionekani, Afande."
"Watu wanazama."
"Ikiwa imo ndani, Afande, mtazama nao."

Kitu chenyewe urefu wa kidole cha shahada.
Kikidondokea penye fito za usukani
hukwama kama mwiba wa samaki kooni.
Tulipekua chini ya viti, tukamulika ndani ya injini.
Hakuna aliyenitazama usoni.
Kalamu mkononi, nzito kuliko jeki.

Praiveti Kitheka akaipata
mfukoni mwa ovaroli yake mwenyewe,
imeviringwa ndani ya kitambaa cha jasho.
Dakika kumi na moja.
Nikatia sahihi. Mabati ya karakana yakatetemeka,
kuku wa kantini wakajitupa chini ya lori.

Walirudi, wakaenda tena, wakarudi.
Watu thelathini na wawili, mbuzi mmoja,
na cherehani ambayo Meja alisema haipandi,
ikapanda.

Usiku, nikiosha tope tumboni mwa ndege,
nikamwuliza Sajini Hiribae, mshika kamba:
"Mlipofika, paani palikuwa na nafasi?"
Akavua glavu, kidole baada ya kidole.
"Palikuwa na kandambili ukingoni.
Jozi moja. Haina mwenyewe."
Pengine haikuwa na mwenyewe tangu usiku.
Hakusema. Sikurudia.

Nikahesabu. Ishirini na nne. Tisa. Tatu.
Nikazima taa, nikarudi, nikawasha, nikahesabu tena.
Dakika kumi na moja hazina kitanda kwenye sponji.

Nyumbani umeme umerudi, mtoto amelala,
pangaboi linazunguka.
Nimesimama chini yake na buti zangu,
nasikiliza kama kuna kinacholegea.