Nipe Mji

Alhamisi saa moja jioni, barabara ya Spring Bank,
kwa dobi wa mashine,
tunashusha vikapu vya nguo, nyingine tayari safi.
Hull kunanyesha ile mvua yake ya kunung'unika.

Mwanakheri amekuja na sare ya kazi;
saa nne anaanza zamu, kugeuza wazee vitandani.
Ubao hana. Anaandika kwa kidole
kwenye kioo cha dirisha kilichojaa mvuke:
NENO LA SIRI.

"Bi Mizi, lako?"
"Jina la mjukuu wangu."
"Na jina hilo umelibandika wapi?"
"Chini ya kila picha."
Bi Mizi anacheka hadi ushungi unateleza.
"Neno la siri ni kitendawili," anasema Mwanakheri,
"ila hiki, hata ukipewa mji, jibu hutoi.
Si kwa mume, si kwa mwana. Wala kwangu."

Nabintu hacheki.
Simu yake ilinunuliwa, ikafunguliwa, ikapangwa
na mtu ambaye, yeye akichelewa dakika sita,
huuliza: Mbona bado uko kwa muuza samaki?
"Nimzimie sasa hivi," anasema, kidole kikiwa juu.
"Usizime."
Mwanakheri anaushika mkono ule polepole.
"Ukimfumba jicho ghafla, atakuja kwa miguu.
Kwanza ujue pa kwenda.
Jicho tuliache litazame nguo."

Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Leo mimi ndiye niliyebaki na simu.
Nimeilaza juu ya mashine namba nne.
Nabintu katoka mlango wa nyuma na koti la Bi Mizi,
mitaa miwili tu, kwa mwanasheria asiyedai senti,
kuuliza swali alilolibeba miaka mitatu:
Nikimwacha, nchi hii nayo itaniacha?

Simu inaita.
Inatetemeka, inajikokota kuelekea ukingoni
kama mdudu aliyenusa kitu.
Naitazama. Siigusi.
Kiooni shuka ya kitanda chao inazunguka,
inaonekana, inapotea, inaonekana.
Inaita mara tatu. Kisha ujumbe:
Bado uko kwa dobi?
Niko, mashine inamjibia. Niko, niko, niko.

Amerudi saa mbili na robo, viatu chapachapa,
namba imeandikwa kwa wino ndani ya mkono wa sweta.
Hasemi aliambiwa nini.
Tunakunja shuka, yeye ncha ile, mimi ncha hii,
tunasogeleana, tunaachana,
hadi uso kwa uso ananong'ona:
"Kitendawili."
"Tega."
"Nimo mashineni nazunguka, nami njiani natembea."
"Nimeshindwa."
"Nipe mji."
"Chukua Hull, na mvua yake yote."

Anaupokea. Anaukunja pamoja na shuka,
anautia kikapuni.
Jibu hatoi.