Zuieni Mbwa

Baridi ya Ulaanbaatar haiumi, inashika, kama mdai.
Nina mtungi wa gesi, miwani myeusi,
na Mama Dulmaa ana mtaimbo na karatasi ya manispaa:
vifuniko mia moja na kumi na viwili,
vyote vichomelewe kabla ya Ijumaa.

Cha kwanza kimegandamana na lami.
Anakigonga, anakipasha moto, anakitukana kidogo,
kinafyatuka. Mvuke mzito,
harufu ya kutu na soksi.
Kabla ya tochi, kabla ya ngazi,
anapiga magoti thelujini, anaita:
"Zuieni mbwa!"

Nilicheka. Mbwa gani, kwenye shimo la mabomba?
Hivyo ndivyo tunavyobisha hodi nyikani,
ukilikaribia hema la watu,
hata kama mbwa wenyewe walikufa mwaka juzi.
Lakini hapa?
"Mlango ni mlango," akasema. "Huu umelala chali tu."

Alinisimulia tulipofika cha arobaini, akinywa chai ya chumvi,
bila kunitazama:
miaka kumi na mmoja alikuwa nayo, mdogo wake tisa.
Bomba likikuchoma ubavu huu,
ule mwingine unaganda; usiku kucha unajigeuza.
Mji aliujua kwa nyayo.
Waliofungua walifungua kwa marungu na mwanga wa machoni.
Ila mtu mmoja, fundi wa valvu, mwenye kikohozi,
aliita kwanza.
Na Choijil, mdogo mtu, suruali moja, bila kiatu,
akajibu kama mwenye mifugo elfu:
"Amefungwa. Karibu ndani."
Fundi akavua kofia ndipo akashuka.

Sikuuliza Choijil yuko wapi sasa.

Cha hamsini na nane, nyuma ya kiwanda cha mazulia.
Mama Dulmaa akaita. Maji yakadondoka mahali.
Kisha sauti ya kizee, kavu, isiyo na haraka:
"Hatuna mbwa. Pita."

Mwali ulikuwa tayari mkononi mwangu, wa buluu, ukivuma.
Nikauzima.

Akarudisha kifuniko polepole, kisilie.
Akatoa kalamu, wino umeganda, akaupumulia,
akaandika: *58. Hakikufunguka. Tutarudi barafu ikiyeyuka.*
Akanipa niweke sahihi.

Cha hamsini na tisa
nilipiga magoti mimi.